Maji Niliyoyasifu Mbele ya Wageni

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya siku karani wa ofisi ya maji aliponisomea maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kwetu Gesima alfajiri, nikadandia lori la ndizi hadi Kisii mjini, mtoto mgongoni akiharisha njia nzima. Nilikuwa na swali moja tu: nani aliamua bomba lipite shambani kwetu bila kutuachia hata mfereji mmoja wa kutekea?

Karani alifungua faili, akapitisha kidole, akaniangalia.

"Ni wewe, mama."

Chemchemi yetu ilitoka chini ya mwamba, kwenye mteremko wa shamba la baba mkwe. Wanawake wa kilima kizima waliteka hapo, maji yakipita juu ya shina la mgomba lililopasuliwa katikati. Miezi ya mvua yalimwagika ovyo. Lakini Januari yalikonda yakawa kama kidole. Tulipanga mitungi foleni, tukatukanana. Jirani mmoja aliwahi kunimwagia debe zima kwa sababu nilidai mwenye mimba atangulie.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakaja wanaume wawili wa mradi wa maji. Ulikuwa mwezi wa Mei, matope hadi vifundoni. Walisema huko tambarare watu wanachota tope, na chemchemi yetu ingewafaa. Mimi ndimi mwanamke pekee pale niliyesoma sekondari, kwa hivyo baba mkwe aliniita nitafsiri Kiswahili chao. Mama mkwe alikuwa ameshawawekea ndizi za kuchemsha na chai jikoni, kando ya ukuta wa mitungi yetu ya akiba ya Januari.

"Maji haya yanawatosha nyinyi wenyewe?" mmoja akauliza.

Nikatafsiri. Mama mkwe akacheka, akipangusa mikono kwenye leso. "Waambie ni mengi! Nani amewahi kunyimwa maji kwangu? Wanywe chai, inapoa."

Kwetu mgeni haambiwi kwamba kitu kimepungua. Hata unga ukiisha unamwambia akae, chakula kipo, halafu unatokea mlango wa nyuma ukaombe kwa jirani. Januari niliijua. Lile debe nililikumbuka. Lakini nikafungua kinywa, kwa Kiswahili changu cha shule, nikasema, "Maji huku yanatutosha na kubaki. Hata tumeyachoka." Watu wakacheka. Yule mwanamume hakucheka. Aliandika.

Wakajenga sanduku la saruji juu ya chemchemi, wakaweka kifuniko cha chuma na kufuli. Mawe tuliwabebea sisi, tukiimba, wajinga wakubwa. Bomba likafukiwa katikati ya majani chai yetu. Sisi tuliachiwa tundu dogo la maji yanayofurika, na mvua ilipokuwapo tuliona sawa. Januari tundu likakauka. Ukitega sikio juu ya udongo uliyasikia maji yakipita chini yako, yakienda zake. Tukaanza kuteka mtoni, pale ng'ombe wanapokunywa na kukojoa. Siku ya nne mtoto wangu akaanza kuharisha.

Sasa karani ananisomea: "Wananchi wamesema maji yanawatosha na kubaki. Wameyachoka." Chini yake, mfasiri: mke wa kijana wa mwenye shamba.

"Hayo yalikuwa maneno ya chai!" nikapiga kelele. "Mgeni anaambiwa hivyo!"

"Kwani mna maneno ya chai na maneno ya maji?" Akacheka, kisha akaacha. "Mama, mimi ni wa huko tambarare. Mamangu anateka kwenye bomba hilo. Unataka nilifunge?"

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana mwizi. Kumbe mwizi wangu ni mwanamke mzee mwenye ndoo. Mtoto alikuwa akilia, nikamshusha mgongoni nikamnyonyesha.

"Mamako anywe," nikasema mwisho. "Mwamba hatukuuchimba sisi, ni wa Mungu. Lakini hakuna mama anayejaza chungu cha jirani huku watoto wake wanalamba chao. Changu kijae kwanza, chake kifuate. Andika hivyo."

"Faili siwezi kubadilisha. Watu wa mradi watarudi kuuliza. Safari hii waambieni ukweli."

Nilimbembeleza mama mkwe wiki mbili. "Nimwambie mgeni sina maji?" alisema. "Afadhali unizike." Mtoto alikuwa amebaki macho tu.

Alikuja mwanamume yuleyule, na daftari lake. Ndizi zilikuwa mezani, na vikombe vitatu vikingoja chai. Akauliza swali lilelile. Nikageuka nitafsiri, lakini mama mkwe alikuwa tayari ananyoosha mkono. Alishika kikombe cha kwanza akakifudikiza mezani. Kisha cha pili, kisha cha tatu.

"Hayatoshi," akasema, kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema. Halafu akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko akilia kama aliyefiwa.

Mfereji tulipata, na mtoto akapona. Sasa anakwenda shule. Lakini mama mkwe hakunisemesha hadi mvua ziliporudi, na mimi wale wanaume sijawasamehe. Walikula ndizi zake, wakaona mitungi imejaa ukuta mzima wa jikoni, na hakuna aliyeuliza ni ya nini.