Mama Spika husikiliza kabla hujalipa

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mlango wa chuma wa duka la vyombo vya umeme umeinuliwa nusu, na mwanamke wa miaka hamsini na sita anapita chini yake kwa kuinama, kiti cha mbao kisicho na mikono kikiwa kimening'inia begani. Anakitua katikati ya duka. Anafungua kamba yenye mafundo aliyojifunga kiunoni na kuanza kupima: kutoka kitini hadi spika ya kushoto, mafundo sita, kutoka kitini hadi ya kulia, mafundo sita na ushee. Anasogeza kiti upana wa kidole, anapima tena.

Spika zenyewe yeye hazioni. Mwenye duka amekwisha kuzifunika kwa shuka la bluu kabla hajaingia, na ndivyo anavyotaka iwe.

"Mwalimu, pita nyuma ya shuka unikagulie waya," anamwambia mteja wake, mwalimu mstaafu anayetafuta spika za sebuleni. "Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Taja kwa sauti."

"Mwenye duka si amekagua?"

"Amekagua. Ndiyo maana nataka na wewe ukague."

Mwalimu anataja moja moja kama mtoto anayehesabu mbele ya darasa. Mama anaketi, anafumba macho.

"Washa. Na mtu asiniambie bei."

Kinachosikika si muziki. Ni maji yakimiminwa, vikombe vikigongana ndani ya beseni, kandambili zikiburuzwa juu ya saruji. Kisha sauti ya mwanamke inafoka: "Nani ameacha mlango wazi tena?"

Mwalimu anageuka kuangalia mlango. Duka zima linaangua kicheko.

"Umegeuka, nimekusikia," anasema mama huyo bila kufumbua macho. "Basi hizi zina ukweli kidogo. Tuendelee."

Katika mtaa huu wa maduka ya redio, televisheni na pasi, kila mtu anamwita Mama Spika. Kazi yake ni kuwasikilizia wengine. Mtu mwenye fedha chache anayetaka spika za nyumbani humchukua kabla ya kulipa, naye humwambia kama sauti inalingana na bei, na kama spika hizo zinafaa chumba chake. Ada yake kwa jozi moja haizidi bei ya soda tatu. Mwezi mzuri husikiliza jozi thelathini hadi arobaini, na anachopata hakifiki theluthi mbili ya mshahara aliokuwa nao zamani.

Zamani hiyo ni miaka kumi na tisa aliyokuwa mpokea simu katika hospitali kubwa, akiwaunganisha wapigaji na wodi. Hakuwa anaona sura ya mtu. Aliona kwa sikio.

"Mtu akisema 'haloo' tu, nilijua huyu anauliza saa za kutazama wagonjwa, na huyu amepigiwa kuambiwa njoo haraka," anasema. "Wa pili nilimwunganisha kwanza."

Mitambo mipya ilipoletwa, simu zikaanza kujipokea zenyewe, na unga wake ukamwagika. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Hakukaa kulia. Alichukua kitabu cha fizikia cha mwanawe aliyekuwa sekondari, akasoma sura ya sauti mara tatu, jioni baada ya jioni, akipiga mstari chini ya kila neno asilolijua. Mara ya nne aliisoma akiwa na spika mbili kuukuu mbele yake, moja ameifungua tumbo.

Hizo spika kuukuu bado ziko sebuleni kwake. Kila jozi mpya huilinganisha nazo kichwani, maana amezizoea kuliko pumzi zake.

Sauti inayofoka katika rekodi yake ni ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, anayekaa nao. Alimrekodi kwa simu akiosha vyombo, bila kumwambia.

"Mwimbaji simjui," anaeleza. "Siku aliyorekodiwa huenda alikuwa na mafua, nitajuaje? Lakini wifi yangu namjua. Miaka ishirini na minane ananifokea uso kwa uso. Spika ikimfanya aonekane mpole, hiyo spika ni mwongo."

Wifi mwenyewe, alipogundua, hakununa hata kidogo. "Mjini watu wanalipia kunisikia nikigomba," husema. "Na bado nyumbani wananisikia bure na hawashukuru."

Mama Spika hana subira na maneno yanayobandikwa kwenye maboksi. Jozi inayodai wati elfu moja, ukiifungua, unakuta kifaa cha kuipa nguvu kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Amewahi kukuta kipande cha zege kimegundishwa ndani ya spika ili mnunuzi akiinyanyua aseme, "Aa, hii ni nzito, hii ni kitu." Amekuta matundu ya mapambo yenye wavu mzuri, na nyuma ya wavu hakuna chochote.

Hata hivyo, wateja wengi humkumbuka kwa fedha walizobaki nazo. Mshona viatu mmoja alimwita nyumbani kumchagulia spika mpya kwa sababu za zamani zilinguruma. Mama Spika alizitoa pembeni mwa kuta, akazipandisha juu ya stuli usawa wa masikio, akaning'iniza blanketi kwenye ukuta mtupu wa nyuma. "Haya, shemeji, umeshanunua," akamwambia. Mngurumo ulikuwa umekwisha.

Lakini miezi miwili iliyopita, mwanamke huyu alikaribia kuipoteza kazi yake, na kosa lilikuwa lake.

Mwenye duka hili, kijana wa miaka thelathini na mbili aliyekuwa karani wa ghala, alikuwa ameweka akiba miaka sita ili afungue biashara. Sehemu kubwa ya mtaji wake aliiweka kwenye mzigo mmoja: jozi arobaini za spika ndogo za mbao zenye bei ya mtu wa kawaida. Akamwomba Mama Spika azisikilize kabla hajazitangaza.

Siku hiyo duka lilijaa watu, naye Mama Spika alikuwa na haraka. Hakusubiri shuka. Alibeba boksi kwa mkono wake mwenyewe, akaliona jepesi, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti. Akaunga waya zake mwenyewe, akaketi, akasikiliza dakika mbili.

"Sauti imekondeana," akatamka mbele ya wote. "Haina kifua. Wifi yangu amekuwa kama anaongea akiwa chumba cha pili."

Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Siku ya kwanza hakuna aliyenunua. Siku ya tano mwenye duka alipunguza bei, watu wakazidi kuzitilia shaka. Siku ya nane alimwachisha kazi mfanyakazi wake wa pekee.

Wiki hiyohiyo Mama Spika alizikataa jozi nyingine mbili za maduka mengine. Alirudi nyumbani akilalamika kwamba mizigo ya mwaka huu yote ni takataka. Ili ajiburudishe, akaunga spika zake kuukuu kwa waya zilezile za kazini.

Nazo hazikuwa na kifua.

"Moyo ulinipasuka," anasema. "Nilijua mara moja ugonjwa hauko kwenye spika. Uko kwangu."

Wifi yake hakumpunguzia. "Masikio yamezeeka, wifi. Mimi mwenyewe nikikuita siku hizi huitiki."

"Nakusikia. Ni kwamba sitaki kuitika."

Walicheka, kisha mama huyu akarudi kwenye spika. Akazima spika moja: sauti ikarudi nzima. Akazima ile, akawasha nyingine: nzima. Akaziwasha zote mbili, kifua kikapotea, na sauti ya wifi ikawa inatangatanga chumbani, haijui ikae wapi. Hapo akachomoa waya na kuziangalia kwenye mwanga wa dirishani.

Waya zake zote ni nyeusi. Huzitofautisha kwa utepe mwekundu aliouzungushia kwenye ncha. Utepe mmoja ulikuwa umebanduka asubuhi ya lile boksi jepesi, naye akaubandika haraka kwenye waya usio wake. Spika moja ikigeuziwa waya namna hiyo, zote mbili hulia, lakini moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Besi inamezwa, na msemaji hakai katikati.

"Kosa hilo ndilo ninalowaonya wateja kila siku ya Mungu," anasema, na hapa anainamisha uso. "Kama ningekuwa nimefunikiwa spika, ningeshtuka. Lakini mkono ulishaniambia boksi ni jepesi, na sikio likaitikia tu."

Wifi alikuja na shauri. "Mwambie kijana aseme mzigo mpya umeingia. Wewe usikilize tena, useme hizi nzuri. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe hununui spika, wifi. Wanunuzi ndio wasijue. Wakijua, nani atakupa hata bei ya soda moja?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Mumewe ni fundi wa baiskeli ambaye mgongo humruhusu kufanya kazi siku tatu kwa wiki. Ada za sikio la Mama Spika ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, na sikio hilo halina cheti wala muhuri. Lina jina tu.

Alichagua Jumamosi saa sita, mtaa ulipojaa pomoni. Siku ya kumi na moja. Alikwenda kwanza kwa mwenye duka, akamweleza yote wakiwa wamesimama kati ya maboksi.

"Siku kumi na moja, mama," akasema kijana. "Nimemfukuza mtu mwenye watoto wawili."

"Najua. Ninakuomba radhi. Na sasa nitoe spika zako nje nikaombe radhi huko pia."

"Basi waambie ndizo bora kuliko zote mtaani. Walau hilo unanidai— yaani, nakudai hilo!"

"Nilikukosea mara moja, mwanangu. Usiniombe nikosee tena."

Waliziweka kwenye meza barabarani. Mama Spika akaunga waya kama alivyoziunga siku ile, akawaita watu wasikilize. Sauti ikatoka nyembamba. Kisha, mbele ya macho yao, akageuza ncha mbili za waya mmoja, akawasha rekodi ileile. Wifi yake akatokea katikati ya meza, mzima, na kifua chake chote: "Nani ameacha mlango wazi tena?"

Watu waliruka. Mtoto mmoja akajibu, "Si mimi!"

"Ni mimi," akasema Mama Spika. "Spika hizi sikuzisikia. Nilisikia uzembe wangu. Ni nzuri kwa chumba cha kulala na sebule ndogo. Kwa ukumbi msijidanganye."

Fundi redio wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka humtania kuwa masikio hayana spea, alijipenyeza hadi mbele. "Kumbe hata wewe!"

"Kumbe hata mimi, fundi."

Alizisikiliza upya zile jozi mbili nyingine pia, bila ada. Moja aliisafisha jina. Nyingine ilikuwa mbovu kweli, na mwenye jozi hiyo alipomnong'oneza aiseme nzuri kwa kuwa leo ni siku ya msamaha, Mama Spika alimtazama tu mpaka akaondoka.

Haikuisha kwa vigelegele. Wateja wanne waliokuwa wamepatana naye walighairi. Kwa wiki tatu alisikiliza jozi sita tu, na mumewe akarudi kazini na mgongo wake hivyohivyo. Kisha mmoja mmoja wakaanza kurudi. Mshona viatu alileta ndugu zake wawili. Muuza magazeti alisema anamwamini zaidi sasa, kwa kuwa hajawahi kumsikia fundi yeyote, wa chochote, akisema kosa ni langu.

Mwenye duka amemrudisha mfanyakazi wake. Katika zile jozi arobaini, ishirini na sita zimekwenda. Kumi na nne bado zimepangwa katika stoo ya nyuma, chumba chenye kuta nene na dirisha moja, ambako kelele za barabara hazifiki. Mama Spika anakitamani chumba hicho. Anataka kiwe mahali ambapo mtu yeyote, kutoka duka lolote, ataleta spika azisikilize kwa utulivu na kujifunza kujisikilizia mwenyewe. Mwenye duka amekubali kumpangisha, kwa kodi iliyoandikwa, ili asiwepo atakayesema mama yuko mfukoni mwa mtu. Sharti ni moja: kwanza maboksi yaishe.

Leo mchana anaingia mama mmoja anayeendesha kituo cha kulea watoto. Anataka jozi saba, moja kwa kila chumba. Anazigusa zile za mbao, anauliza. Mwenye duka anamtazama Mama Spika kwa macho ya kuomba.

"Vyumba vyako vina ukubwa gani, dada?"

"Vitano vidogo. Viwili vikubwa, vya kuchezea."

"Basi chukua tano. Kwa hivyo viwili vikubwa, hizi zitakohoa. Utanilaani."

Mteja analipia tano. Akishatoka, mwenye duka anajishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mama! Zingebaki saba! Chumba unakitaka au hukitaki?"

"Nakitaka sana," anasema Mama Spika, akielekea nyuma ya duka kuyahesabu yaliyobaki. "Tisa. Nitasubiri."