Jumamosi Tuliyolima kwa Mjane

Mama yangu hakujua kuimba, na kanisani kwetu kijijini Kwapa, mashariki mwa Uganda, kila mtu alilijua hilo isipokuwa yeye. Hata hivyo wanawake wa kanisa walimchagua kuwa kiongozi wao kila mara. Sababu niliielewa mwaka nilipomaliza chuo Tororo, nikarudi nyumbani kungoja kazi.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Busia, upande wa Kenya, aliyeolewa kwetu na dereva wa lori. Mumewe alipofariki na kumwachia watoto, hata matanga hayajaisha, shemeji yake alimwambia afungashe arudi kwao. Mvua ikaanza, watu wakapanda mahindi. Yeye aliogopa hata kushika jembe.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya kumpenda jirani. Wakati wa matangazo Mama akasimama.

"Mimi Jumamosi nakwenda kulima kwa yule mama aliyefiwa," alisema. "Mwenye jembe aje. Asiye na jembe aje abebe mbegu."

Nilitamani ardhi inimeze. Niliona anatutafutia ugomvi na ukoo mzima.

Jumamosi walikuja wanawake wengi, na mchungaji mwenyewe, suruali kaikunja hadi magotini. Mjane alisimama tu mlangoni mpaka Mama alipomwambia, "Wewe tuonyeshe tu mpaka uko wapi."

Tulikuwa tumefika katikati ya shamba shemeji yake alipotokea, panga mkononi. Majembe yote yakanyamaza.

"Nani amewatuma hapa?"

Mama alimwendea, akapiga magoti, akamsalimia kwa heshima zote.

"Hakuna aliyetutuma, baba. Ndugu yako ndiye aliyetuletea mabati ya kanisa kutoka Malaba. Sasa watoto wake wale nini?"

"Hili shamba ni la ukoo."

"Na watoto ni wa nani?"

Shemeji alimtazama binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akidondosha mbegu kwenye mashimo, sura ile ile ya baba yake. Kisha akageuka, akaenda zake.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza Mama kama hakuogopa.

"Niliogopa sana! Wewe ulidhani ninapiga magoti kwa heshima tu? Miguu ilikuwa imekwisha nguvu."

Tulicheka njia nzima, mimi nikiwa nimembebea jembe lake.

Mambo hayakuisha siku hiyo. Mama na mchungaji walikaa na wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji mara tatu. Mara mbili walirudi na hasira. Mara ya tatu wazee waliandika kwamba shamba ni la watoto na mama yao atalitunza. Shemeji alitia sahihi akiwa amenuna.

Mjane bado yuko pale. Msimu huu amepanda mihogo na karanga, na siku za Jumamosi huenda na wanawake wenzake kulima kwa mzee mmoja asiyeona, upande wa pili wa barabara.