Nusu ya Blanketi Tanga, Nusu Durban

Nilisafiri kwa sababu ya viraka. Mama alikuwa anasubiri upasuaji Tanga, akang'ang'ania jambo moja: ajifunike blanketi walilolianza yeye na mdogo wake, likiwa zima, kabla hajapelekwa. Nusu ya viraka alikuwa nayo yeye; nusu ilikuwa kwa huyo mdogo, mamdogo Zaina, mshonaji wa Durban. Hawakuwa wameongea tangu walipogombana kwenye msiba wa babu. Mama alilitaka blanketi lakini hakutaka Zaina aombwe, basi nikafungasha viraka vyake kisiri, nikaondoka.

Ndani ya ndege sikutulia. Nilivitoa, nikavikunja, nikavitoa tena, mpaka jirani akaniuliza kama nauza. Muundo wa viraka hivyo unaitwa nyumba ya magogo. Washonaji husimulia kwamba mraba mwekundu wa katikati ni jiko, na vitambaa vyembamba vinavyouzunguka ni kuta: upande mmoja rangi za mwanga, upande mwingine za kivuli.

Umbilo, mtaa wa Durban, asubuhi. Teksi ilinishusha kwenye robot, taa za barabarani, nikapanda ngazi mbio.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba. Amekutuma?"

"Alinikataza. Nimekuja hivyo hivyo."

Akatandaza viraka vyake sakafuni, akaweka vya mama juu yavyo.

"Eish!" mamdogo akashtuka.

Vya mama vilikuwa vidogo, vyote. Nilitaka kulia.

"Tulikubaliana mshono uwe upana wa kidole," mamdogo akasema. Akatazama kidole chake chembamba, akaangua kicheko. "Cha nani sasa? Dada ana vidole kama ndizi, mshono wake umekula kitambaa!"

"Basi punguza vyako, ndege yangu ni kesho!"

"Nibomoe kuta? Thubutu. Vyake ndivyo vitakavyoongezwa."

Alishona mchana kutwa, akizungusha kitambaa kimoja zaidi kwenye kila kiraka cha mama, kisha akaviunga vyote. Mimi nilizunguka chumba mpaka akanifokea nikae. Kikabaki kiraka kimoja. Akazima cherehani.

"Hiki sikishoni hapa."

"Mamdogo, jamani, mama anasubiri!"

"Najua," akasema, akashusha sanduku la safari kutoka juu ya kabati.

Tanga, kitandani kwa mama. Mamdogo akamshika mkono, akamwekea kidole kwenye ukingo wa kiraka.

"Pima mwenyewe, dada."

"Umekonda, Zaina," mama akasema, machozi yakimtoka. "Hata kidole."

Nimejifunza kwamba kipimo cha kidole hakitumwi. Lazima mwenye kidole awepo.

Siku ya upasuaji mama alifunikwa mpaka kifuani. Kiraka cha mwisho, walichokishona wawili huku wakibishana, kilikuwa kimekaa kombo. Nilinyoosha mkono nikirekebishe. Wote wawili wakanipiga kibao mkononi.