Bikoni Mlangoni kwa Bibi Ludovika

Herman Bura ni mtu mwema, na wema wake unanikera mpaka leo. Mimi ni mwalimu, ajira ilinileta Mbulu kutoka Tukuyu, na tangu wakati huo nikawa jirani yake. Baridi ya huku ni kama ya kwetu, ukungu nao ni uleule, ila upole wa Herman umenishinda.

Tulikaa ukingoni mwa mji, pale nyumba zilipoishia na uwanja wa ndege ukaanzia. Uwanja wenyewe ulikuwa nyasi tu. Kindege kilitua siku kikijisikia, na wachungaji walikuwa wakiondoa ng'ombe kwanza. Herman alilima vitunguu saumu, akafuga ng'ombe wawili wa maziwa, akamtunza mama yake, Bibi Ludovika, ambaye macho yalizima zamani. Lakini ungemkuta Bibi kwake, ungebisha kwamba haoni. Alitoka kitandani akaenda jikoni, kutoka jikoni akaenda zizini, akakamua na kurudi bila kumwaga tone. Aliolewa katika nyumba ile na aliijua yote kwa miguu yake. Wageni wengi waliondoka bila kugundua.

Sasa, kwa Herman, kama kwa wengi wa huku, mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Na akishakula, kazi yake inakuwa kazi ya mwenye nyumba. Ni desturi nzuri sana mpaka waje wapima ardhi.

Walikuja asubuhi, vijana watatu na mitambo yao. Herman aliwakaribisha, wakanywa maziwa ya mgando, wakala makande. Walipoanza kuchimba akaona wanahangaika na ardhi yetu ngumu, akachukua sururu. Akamwita na Nikolausi, jirani wa upande wa pili. Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta ana saruji hadi kwenye viwiko, bikoni, zile nguzo fupi za zege za wapimaji, zimesimama wima shambani kwake, na moja iko karibu kabisa na mlango wa mama yake, kuku wameshaanza kuipanda.

"Hizi ni za nini, Herman?"

"Sijauliza, mwalimu. Nadhani ni bomba la maji."

"Hujauliza?"

"Watu wamekula kwangu. Nianze tena kuwahoji kama polisi?"

Kumbe ulikuwa upanuzi wa uwanja wa ndege. Mji ulifurahi kwanza. Clement mwenye gesti alipaka rangi vyumba vyake vyote akisubiri watalii. Halafu tukaelezwa mengine: barabara ya sokoni itakatwa, watu wa Tumati wanaoleta mazao sokoni watazunguka kilima kizima, ndege zitapita juu ya madarasa yangu, na mtaa wetu wote wa chini unaondoka. Mkutano ukaitishwa katika ofisi ya mtaa. Herman, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea hadharani, akasimama akiwa ameshika kofia.

"Shamba chukueni lote," alisema. "Nyumba niachieni, kwa ajili ya mama. Pale anatembea mwenyewe. Mkimtoa pale, mtakuwa mmemfunga."

Ofisa aliyekuja kutuelimisha hakuwa mtu mbaya. Alimsalimu Herman shikamoo kwanza, kisha akamuuliza, "Siku ya upimaji ulikuwepo, mzee?"

"Nilikuwepo."

"Ulipinga?"

"Hapana. Nilichimba."

Watu walicheka. Walicheka kweli, hata wale ambao bikoni ziko uani kwao. Nikasimama nikasema huyu mzee alikuwa anakirimu wageni, hakuwa anakubali lolote. Ofisa akatoa simu yake, akanionyesha picha: Herman katikati ya vijana wale, ameikumbatia bikoni, anatabasamu meno yote.

"Mwalimu, hapa anaonekana amelazimishwa?"

Nikaketi. Muda wa kupinga ulikuwa umepita, na hakuna aliyetuambia ulianza lini.

Nilimsukuma Herman aende wilayani. Alikwenda, akaambiwa faili liko mezani. Alikwenda tena, faili limeenda juu. Safari nyingine mhusika alikuwa semina. Kila akirudi alikuwa na habari za afya ya karani na watoto wa karani, lakini habari ya nyumba hana. Nilimfokea barabarani, mtu aliyenizidi umri, naye akanisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza. Hilo nalo liliniudhi.

Siku tingatinga lilipofika alimpelekea dereva chai. Nilitaka kuimwaga.

"Ametoka mbali, mwalimu," alisema. "Siyo yeye aliyepanga."

Akamkabidhi dereva kikombe kwa mikono miwili. Akageuka asione ukuta wa kwanza ukianguka. Bibi Ludovika alikuwa kwa mke wa Nikolausi, lakini sauti ile hata aliye sokoni aliisikia.

Fidia ililipwa, sisemi haikulipwa. Herman alijenga juu mjini, nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, sakafu laini, choo cha ndani. Viongozi wanaoleta wageni kukagua mradi huwapitisha kwake, na yeye anawaandalia maziwa ya kununua. Wanasifu sakafu, wanapiga picha na kwenda zao.

Nilikwenda kumsalimia Bibi Jumapili baada ya misa. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunga shuka vizuri, miguu haigusi chini. Aliniuliza habari za shule, nikamjibu. Herman akaingia na chakula. Bibi akageuza uso kutafuta alikosimama.

"Herman, mwanangu, mlango uko upande gani?"

Akauelekeza mkono wa mama yake ukutani, taratibu, mpaka vidole vikagusa fremu. Bibi akashukuru. Alipomaliza kula akauliza tena.