Hedifoni za Shangazi, Kipande kwa Kipande

Juzi nilikuwa Musoma kwa shughuli zangu, nikaingia duka moja la simu karibu na stendi kununua chaja. Nikazikuta zimening'inia ukutani: hedifoni za ukoo ule ule. Nilizitambua hata kabla sijasoma jina. Nyeusi tii, waya wake unachomoka, na binti wa dukani akaniambia kwa fahari kwamba hilo la waya kuchomoka ndilo jipya. Nikacheka. Nikamwomba azishushe, nikashika sponji ya sikio la kulia, nikaivuta ikabaki mkononi. Binti akashtuka, "Mama, unaziharibu!" Nikairudisha mahali pake. Mwanangu, nikamwambia, hizi haziharibiki, zinafunguka tu. Mimi nimezijua kabla sijajua kufunga kanga ikakaa.

Nawe rafiki yangu usinione najisifu. Haya, najisifu kidogo. Nimefanya kazi ya sauti maisha yangu yote, na katika ukoo huo wa hedifoni nimevaa karibu kila mtoto aliyezaliwa: za kijivu, za kukunjwa, zenye waya upande mmoja, mpaka hizi za sasa zisizotaka waya kabisa. Lakini za kwanza zilikuwa za shangazi, na mimi ndiye niliyeziua. Kwa mdomo wangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwaga mrekodi wa kwaya. Chumba chake kilikuwa Buhare, nyuma ya nyumba ya padre, hakizidi ukubwa wa stoo ya mahindi. Kuta zote alizivalisha magunia yaliyoshindiliwa pamba ya kwetu Bunda, ili sauti isigonge ukuta ikarudi. Ukiingia unakutana na harufu ya pamba yenye mbegu, mafuta ya jenereta, na jasho la watu arobaini waliokuja juu ya lori kuimba. Kila likizo nilipelekwa kwake. Kazi yangu ilikuwa kuanika betri juani zipate uhai, kupangusa vumbi kwenye mashine, na kusonga ugali wa muhogo na mtama wa kuwashibisha wanakwaya. Kitoweo kilikuwa furu au dagaa. Siku tukipata sato, wanakwaya walikuwa wanaimba vizuri zaidi, huo ni ukweli wala si utani.

Hedifoni zenyewe zililetwa na padre mmoja mgeni kabla sijazaliwa. Zilikuwa za kijivu, na upinde wa chuma, na waya mnene wa kujisokota kama wa simu ya ofisini. Utamu wake ni kwamba hazikugundishwa kwa gundi popote. Upinde unafunguka, vikombe vya masikio vinafunguka, spika ndogo za ndani zinatoka zenyewe bila kutia moto. Aliyezitengeneza alijua kuna siku zitafika mahali pasipo na duka.

Na kweli, ile miaka ya shida duka lilikuwepo, ila bidhaa hazikuwepo. Sabuni tunaipangia foleni, sukari tunaisikia kwa jina, mafuta ya taa yanapimwa kwa kifuniko. Sponji za hedifoni zikaoza. Shangazi akakata godoro kuukuu, akalishonea ngozi ya mbuzi, akavalisha. Mvua ikinyesha ngozi ile inanuka beberu hasa. Waya ulipokatika aliunga, ukakatika tena akaunga tena. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alikuwa anasemaga, huku ameuma uzi kwenye meno. Kila aliyepita chumbani mle alijua sheria moja: hedifoni za Shangazi havai mtu mwingine. Hata padre alikuwa anaomba.

Halafu ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. We! Kufumba na kufumbua maduka ya Musoma yakajaa. Kanga, redio, viatu vya mpira, sabuni za rangi tusizozijua. Msimamizi wa kile chumba, kijana wa parokia aliyependa sana mambo mapya, akasafiri Nairobi akarudi na mzigo: kiredio cha kaseti cha kubana kiunoni, na hedifoni mpya. Ajabu ni kwamba zilikuwa ndugu wa zile za kijivu. Jina lile lile, sura ile ile ya uso, ila ndogo zaidi, nyepesi, nyeusi. Nilizivaa nikiwa na miaka kumi na moja, msimamizi akabonyeza kiredio, na besi ikanishuka mpaka tumboni. Nilihisi nimekuwa mtu mkubwa.

Wiki hiyo Shangazi alikuwa amekwenda Butiama msibani. Nikabaki na chumba na shetani wangu. Nikazishusha za kijivu kwenye msumari wake, nikazivaa kwa mara ya kwanza maishani. Nikazichomeka kwenye kile kiredio kwa kipande cha kuunganishia plagi kilichokuwa mezani. Nikabonyeza. Sauti ilikuja kwa mbali, inanong'ona, kama mtu anayesali chumba cha pili. Nikaongeza mpaka mwisho. Bado inanong'ona.

Leo najua sababu, na nitakuambia kwa lugha ya nyumbani. Katika ukoo ule, hedifoni zinafanana sura lakini kila moja ina tumbo lake. Zile za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya mashine kubwa, zilitaka kusukumwa kwa nguvu. Kiredio cha betri mbili kwao ni kijiko cha uji kwa mtu aliyetoka kulima. Za Nairobi zilikuwa na tumbo dogo, tone tu linazitosha. Lakini nani alinifundisha hayo? Msimamizi alipoingia akauliza, "Hivi hizi za shangazi yako zinafanyaga kazi kweli?" nikamjibu nikiwa nimesimama wima kabisa: "Zimekufa."

Sikusema nimezijaribu kwenye kiredio, maana ningesema pia kwamba nimezivaa. Nilisema zimekufa, basi. Jioni hiyo hiyo zikatupwa kwenye debe la vitu vibovu, na kesho yake debe likaondoka na mchuuzi wa vyuma chakavu aliyekuja kutoka Manyamanyama, kule Bunda.

Shangazi aliporudi Jumatatu aliangalia ule msumari mtupu, akakaa juu ya kiti. Msimamizi akamwambia asiwe na wasiwasi, mpya zipo, akazichomeka mwenyewe kwenye mashine kubwa. Ikapiga mlio mmoja wa kukwaruza, besi ikatapika, halafu kimya. Tumbo dogo limepewa chakula cha mkulima. Zimeungua mbele ya macho yetu, hazijamaliza hata wiki.

Na Jumamosi ilikuwa zamu ya kwaya ya kutoka Butiama kurekodi. Msimamizi, kwa aibu ama kwa hasira, akatamka neno ambalo Shangazi alilikumbuka mpaka anaingia kaburini: kama Jumamosi haiwezekani, kwaya zitakuwa zinapelekwa Mwanza, na chumba hiki kitafungwa. Shangazi hakuwa na mume wala shamba la maana. Alikuwa na kile chumba. Mimi nikatazama miguu yangu.

Alfajiri ya Jumanne tulikuwa kwenye basi la Bunda. Yule mchuuzi tulimkuta Manyamanyama, kwenye kibanda chake cha bati, mtu mcheshi, hana hili wala lile. "Zile za kijivu? Ah, mama, zile zilikuwa nzuri sana! Zimefunguka zote bila nyundo." Alikuwa amezigawa kipande kwa kipande. Shangazi akacheka, jamani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Ule uzuri wa hedifoni wa kufunguka ndio uliozimaliza.

Tukaanza kuzunguka. Waya tuliukuta kwenye baiskeli ya muuza maziwa, umefunga chupa zake. Aliutoa kwa kubadilishana na kamba ya katani. Upinde wa chuma mama mmoja muuza dagaa alikuwa amemvisha binti yake kichwani, umezungushiwa utepe, na mtoto alilia kuuvua mpaka Shangazi akampa kitambaa chake mwenyewe cha kichwa. Vikombe viwili vya masikio vilikuwa sokoni, muuza viungo anapimia binzari. Vilikuwa vya njano ndani, na rangi ile haikutoka tena. Spika ndogo moja tuliikuta kwa fundi redio, juu ya meza, inasubiri kazi. Ya pili alikuwa ameifunga ndani ya redio ya mzee mmoja jirani yake, ambaye spika yake ilipasuka.

Mzee yule alikuwa amekaa kizingitini, redio ameibana sikioni, maana nguvu yake ilikuwa ndogo, inanong'ona tu. Fundi akatuambia hatoki nyumbani, miguu haimbebi. Fundi akasema, "Nimwambie airudishe, mama? Ataelewa." Shangazi akasema, "Mwache asikilize."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nililia barabarani, mbele ya watu, nikamwambia yote: kiredio, msumari, na neno lile. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa kile kifurushi cha vipande nikibebe, tukaenda kupanda basi. Mpaka tunapita Kiabakari hakuwa amenisemesha, na mimi ningependa zaidi fimbo.

Ijumaa alizifunga, skrubu kwa skrubu. Zikawaka sikio moja, la kushoto. La kulia lilikuwa kikombe kitupu chenye harufu ya binzari.

Jumamosi wakaja, arobaini na zaidi, na ngoma zao. Mafuta ya jenereta yalikuwa ya kurekodi mara moja na kurudia kidogo tu. Msimamizi alisimama mlangoni amefunga mikono. Wanakwaya walipojipanga, Shangazi alizivua hedifoni, akanivalisha mimi. Zilinizidi, zikanishuka shingoni, akazikaza. Watu wakatazamana. "Mimi nitakaa kwenye mashine," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Huyu atasikiliza."

Rafiki yangu, sikiliza nikuambie jinsi sauti inavyokuwa kwenye hedifoni za ukoo ule zikipata mashine yake. Hazipambi. Hazina utamu wa besi ya kukudanganya. Nilisikia pumzi ya mwimbishaji kabla ya noti. Nilisikia viatu. Nilimsikia mama mmoja wa sauti ya pili akimeza mate. Na katikati ya wimbo wa pili nikasikia kitu kama nyuki, chini kabisa, kinakuja na kuondoka na ngoma.

Niliwaona wanaimba macho yamefumbwa, nikakumbuka mafuta ya jenereta, nikamwona msimamizi. Nikainua mkono.

Shangazi akainama karibu yangu. Chumba kizima kinaimba, mkono wake uko juu ya kitufe. Akaniuliza polepole, "Umesikia, au unadhani?"

Nikafumba macho, nikasikiliza tena kwa mapigo mengine mawili matatu ya ngoma. "Nimesikia."

Akazima. Hakuuliza la pili. Watu arobaini wakanyamaza kwa neno la mtoto ambaye wiki iliyotangulia alisema uongo ukamtawanyia kazi yake Bunda nzima. Msimamizi akaja juu, "Mama, mafuta!" Shangazi akampita, akaenda kwenye ngoma kubwa, akapapasa. Bangili ya mpigaji ilikuwa inagusa ukingo wa mbao. Mpigaji akaivua, akaiweka mfukoni. Wakarudia, na jenereta ikazimika wakati aleluya ya mwisho imeshaingia kwenye utepe.

Kile chumba kiliendelea miaka mingine mingi. Siku hizi ni stoo ya vipuri vya pikipiki. Magunia ya pamba yalitolewa zamani, na ukiongea mle ndani sauti inagonga ukuta na kurudi. Yule mzee wa Bunda alikufa, msimamizi alihama, na Shangazi tulimzika mvua za masika, masikio yake yakiwa yameshachoka. Zile za kijivu sijui ziliishia wapi. Pengine zinafanya kazi mahali.

Nilizinunua zile nyeusi za dukani, na binti akanifungia vizuri. Ni imara, sina shaka nazo, na sponji zake nikizitaka nitaletewa kwa basi kesho. Shangazi wa kusimamisha kwaya nzima kwa sababu nimesema nimesikia, huyo simpati popote, na namtaka sana.