Shavu Juu ya Chuma

Mafundi wengine huletewa kazi karakanani. Januari huifuata ilipo, maana kuna vyuma ambavyo hakuna lori la kuvibeba, na chuma kikikataa kwenda kwa fundi, fundi hana budi kufunga safari. Nusu ya mwaka hulala hotelini, mashine yake ya kukereza iko garini vipande vipande, na mkewe Asumpta amebaki ghorofani Weston, huko Kanada, akitazama treni za uwanja wa ndege zikipita.

Wiki hiyo alikuwa kwenye bwawa la umeme huko kaskazini na mwenzake Nahashon, Mkenya asiyejua kunyamaza. Mdomo wa bomba kuu la maji, mpana kuliko mlango wa kanisa, ulikuwa umeliwa na kutu. Wakaifunga mashine katikati, kisu kikaanza kuzunguka polepole, kikiumenya mdomo ule kama mtu amenyavyo kiazi. Saa hizo Januari huzipenda mno. Mngurumo humbembeleza, ukungu wa mto huingia, asijue tena kama yuko Kanada au yuko kwao Mzumbe, mtoto, anasinzia huku bibi yake akisaga.

Kisu kiliposimama, ikabaki desturi yake. Vipimo alishachukua, lakini Januari haachi kazi kabla hajafumba macho na kupitisha kiganja kitupu mduara mzima. Akavua glavu, akapapasa. Laini. Laini mno. Ndipo swali likamjia: chuma ndicho kilicholainika, au kiganja ndicho kilichokufa?

Maana vidole vyake vilikuwa na ganzi, malipo ya miaka mingi ya kushika mashine zinazotetema. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walishasema, lakini Januari naye ana kichwa kigumu kama vyuma vyake. Alikuwa anaogopa. Fundi asiye na mkono ataitwaje fundi?

Akainama, akalaza shavu juu ya chuma, akaliburuta taratibu. Baridi ikampenya hadi menoni. Upande wa chini, kitu chembamba kama unywele kikamkwaruza.

"Buda, umezima ama?" Nahashon akauliza, akidhani mwenzake amezirai.

"Washa mashine. Kuna mkwaruzo huku chini."

Wakarudia, na safari hii shavu likateleza mduara mzima. Njia nzima ya kurudi Januari alitabasamu kama anayeota, theluji ikielea mbele ya kioo. Shavu litatosha, alijiambia. Hakuna atakayejua.

Asumpta akafungua mlango. Kila atokapo safari, Januari humpitishia mkewe kiganja usoni, toka paji hadi kidevuni, hata kabla ya salamu. Leo, bila kufikiri, aliinama akaweka shavu lake juu ya la mkewe. Lilikuwa na joto na harufu ya vitunguu, na akalihisi lote, mpaka machozi yakamlenga.

Asumpta akakisubiri kiganja, hakikuja. Kisha akauchukua mkono wa mumewe, akaviminya vidole kimoja kimoja kwa ukucha. Hakuna kilichoshtuka.

"Tangu lini, Baba Clara?"

"Tangu baridi ya mwaka jana."

Asumpta hakuuachia mkono.

"Kwa hiyo safari zote hizo, uso wangu ulikuwa unaukumbuka tu?"

"Naukumbuka vizuri," alisema Januari.