Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Mama Gundi alituficha kwa mwaka mmoja na nusu kwamba macho yake yanakwisha. Alituficha mchana kweupe, katika chumba kisicho hata na mlango, na mimi nilikuwa nakunywa naye chai kila siku saa nne. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanisifu huko mbele.

Mimi ni karani wa kaunta katika maktaba, yule anayegonga muhuri wa tarehe na kuwaambia watoto wakanawe mikono. Yeye alikuwa mshona vitabu wetu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya rafu za watoto: meza ndefu chini ya dirisha, mbao mbili zenye skrubu za kubania, visu vitatu, kopo la gundi, na harufu ya unga uliochemshwa, maana gundi ya dukani aliidharau. "Hiyo ni ya kubandikia matangazo ukutani," alikuwa akisema. Umri wake sitautaja kwa sababu siujui. Kila alipoulizwa aliupunguza kidogo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kitabu kilichochoka hufumuliwa kwanza. Unakata uzi wa zamani, kitabu kinaachana na kuwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa, kila fungu kurasa kumi na sita. Unasafisha mgongo, unabandika palipochanika, kisha unashona fungu juu ya fungu mpaka kitabu kisimame tena. Vilivyofika mezani kwake mara nyingi kuliko vyote ni vitabu vya Kibiriti. Viko ishirini na tatu, vyembamba, na watoto wanavigombania. Kibiriti ni msichana wa miaka kumi, mfupi, mwepesi wa kuwaka, anayefichua wezi wakati polisi bado wanatafuta kalamu. Vyote vina kurasa mia moja kumi na mbili, na fungu linalong'oka kwanza huwa ni lile la saba, kuanzia ukurasa wa tisini na saba. Hapo ndipo Kibiriti anapowakusanya watu wote chumbani na kueleza nani kafanya nini.

Mimi nilikuwa nikivicheka. Nilimwambia Mama Gundi kwamba mwizi siku zote ni yule mwenye tabasamu nyingi, na mtu mzima hahitaji kurasa mia kulijua hilo.

"Wewe hujavisoma, umevigonga muhuri tu," akanijibu. "Hebu niambie, mtoto gani unayemjua wewe anaongea kurasa kumi na sita mfululizo na wakubwa wote wamenyamaza wanamsikiliza?"

Akaendelea kupaka gundi yake. Akasema watu wazima humpita mtoto kama wanavyolipita kabati. Wanagombana mbele yake, wanadanganya mbele yake, na kabati limekaa linasikia kila kitu. Kibiriti ni kabati lililofumbua mdomo. Ndiyo maana watoto wanampenda, na ndiyo maana yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, alivisoma vyote ishirini na tatu kabla ya kuvishona.

Wakati ule alikuwa bado anasoma. Baadaye ukungu ukaanza, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia. Hakumwambia mtu. Giza lenyewe hakuliogopa sana. Mama yake mzazi alikuwa amepofuka uzeeni, akawekewa kiti karibu na mlango, na kuanzia siku ile wageni wakija waliwauliza wengine: amekula? Analala vizuri? Anasumbua? Walimuuliza kila mtu isipokuwa mwenye kiti. Mama Gundi aliiogopa siku atakayoondolewa kwenye meza yake akawekwa kwenye kiti kile. Hayo nimeyajua baadaye.

Kwa hiyo akajifunza kufanya kazi kwa vidole. Kitu kimoja tu vidole vilimshinda, kutunga uzi kwenye sindano, na hapo ndipo aliponitumia mimi. Kila asubuhi alileta kaunta sindano kumi na kibunda cha uzi. "Nitungie, mwanangu. Wewe una mikono ya kijana, uniokolee muda." Nina miaka arobaini na tatu. Mtu akikuambia una mikono ya kijana, unatunga. Nilitunga sindano kumi kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka, nikajiona mtu mwema.

Kosa likaja kwa njia ambayo ingempata mshona vitabu peke yake. Mwanga uliomfaa ulikuwa wa asubuhi tu, hivyo alifumua na kusafisha asubuhi dirishani, kisha akashona mchana kwa kupapasa. Zamani hakuweka mezani zaidi ya kitabu kimoja. Lakini likizo za shule zilipokaribia, kazi zikarundikana, naye asubuhi moja akafumua Kibiriti wawili kwa mpigo: kisa cha kengele ya shule iliyopotea, na kisa cha barua za mwokaji mikate. Karatasi ni ileile, ukubwa uleule, fungu la saba la kila kimoja linaanzia ukurasa wa tisini na saba. Mchana mafungu hayo mawili yakabadilishana vitabu, na vidole havikuona tofauti.

Aliyeona ni binti wa fundi saa, miaka tisa, ambaye sisi tulimwita Maswali. Siku ya Ijumaa alikiweka kitabu cha kengele juu ya kaunta yangu kwa hasira.

"Anti, kitabu hiki kinadanganya."

"Kinadanganyaje?"

"Kibiriti anasema mkosaji ni mke wa mwokaji. Humu hamna mwokaji. Nimetafuta mara mbili. Halafu kengele yenyewe haijulikani iko wapi."

"Labda mtunzi alichoka, mwanangu. Watunzi nao ni watu."

Akanitazama kama mtu anayejua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikwenda zake kwenye rafu, akaazima Kibiriti watatu kwa pamoja, na kile cha kengele akakichukua tena.

Jumamosi asubuhi alirudi na vitabu viwili, kimoja kila mkono. "Mkia wa hiki umeshonwa kwenye hiki," akasema. Nikafungua, nikalinganisha, nikakuta ni kweli tupu. Nilicheka mpaka mlinzi akaninyamazisha, mimi ambaye kazi yangu ni kunyamazisha wengine. Kisha nikamshika mtoto mkono, tukaenda nyuma kumtania Mama Gundi. Nilidhani nampelekea kichekesho.

"Leo umekamatwa," nikamwambia tukiingia.

Maswali akaeleza yote, ukurasa kwa ukurasa. Mama Gundi alivipokea vile vitabu, akapitisha kidole gumba kwenye migongo yake, hakuvifungua. "Basi nisamehe, mjukuu wangu," akasema. "Nitavifumua sasa hivi. Ila sogea kando kidogo, hiyo sare yako isije ikashika gundi."

Ilikuwa Jumamosi. Mtoto alikuwa amevaa gauni la njano ambalo ungeliona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Nililisikia neno lile vizuri, na bado akili yangu ikaanza kumtafutia udhuru: kapitiwa, kazi nyingi, mazoea. Maswali hakumtafutia udhuru. Alilitazama gauni lake, akaitazama meza, kisha macho yake yakatua kwenye mto mdogo ambapo sindano zilikuwa zimechomekwa kwa mstari, kila moja na uzi wake.

"Anti, nani anamtungia uzi?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote," nikasema, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikifanya kila asubuhi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata utotoni.

Kwenye vitabu hapa ndipo watu wanapopiga makofi. Sisi hakuna aliyepiga. Mama Gundi aliupapasa ukingo wa meza, akaketi polepole.

"Msimwambie Mkuu wa maktaba," akasema. Na kwa kuwa siri ilikwisha kumwagika, akatueleza habari za mama yake na kile kiti cha mlangoni.

Maswali alisikiliza bila kupepesa. "Walikuwa wanaongea juu ya kichwa chake?"

"Kana kwamba hayupo."

"Kama mimi," mtoto akasema. "Wageni wakija nyumbani wanamuuliza baba eti niko darasa la ngapi. Na mimi nimekaa papo hapo."

Mama Gundi akacheka, na machozi yakamtoka wakati uleule. Mimi nikadakia kwa haraka: tutaficha, nitakuwa nakuja mchana kukuangalizia kurasa, nani atajua? Nilitaka sana kutengeneza mambo.

"Kibiriti hafichi," Maswali akasema.

"Kibiriti akishataja jina la mtu anakwenda zake nyumbani kula," Mama Gundi akamwambia kwa upole. "Aliyetajwa anabaki na nani?"

Swali hilo, nadhani, mtoto hakuwahi kujiuliza. Akachezea upindo wa gauni lake. "Basi usitajwe," akasema mwishowe. "Sema wewe mwenyewe. Wewe ndiye uwe Kibiriti. Mimi nitakaa kusikiliza."

Jumatatu jioni, tulipokwisha kufunga, tulikusanyika kwenye kona ya watoto kwa sababu Mama Gundi alitaka iwe huko: Mkuu wa maktaba, mlinzi, mimi, na Maswali kwa ruhusa ya baba yake. Viti vya kule ni vifupi. Mkuu alikaa magoti yakikaribia kidevu, tai imemlalia mapajani. Mama Gundi alisimama. Alikuwa amevaa vizuri, na mikono ameishikanisha mbele yake.

"Aliyefanya kosa la vitabu hivi viwili," akaanza, "yumo humu chumbani."

"Si mimi!" mlinzi akaruka, tukacheka, na kile kicheko kikamsaidia kupumua.

Akatandaza ushahidi wake mmoja mmoja. Vitabu vyenye mikia iliyobadilishana. Kazi ya asubuhi na kazi ya mchana. Gauni la njano lililoitwa sare. Alipofika kwenye sindano nilitazama sakafu, lakini alisema tu kwamba alikuwa na mtu wa kumtungia, mtu mwenye moyo mweupe, akapita haraka. Nilimpenda sana dakika ile. Mwisho akavuta pumzi. "Mkosaji ni mimi. Macho yangu yanakwisha, na nimewaficha."

Mkuu wetu si mtu mbaya, nalisema hili kwa haki. Alikohoa, akarekebisha tai, na kwa sura ya huruma kabisa akanigeukia mimi.

"Hospitali amekwenda?" akaniuliza. "Ana mtu wa kumwangalia nyumbani? Unadhani ataweza kuendelea na kazi?"

Nilimwona Mama Gundi. Alibaki amesimama palepale, lakini uso wake ulikuwa umeshakaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo kumjibu Mkuu.

"Muulize yeye," Maswali akasema. "Yuko hapo."

Hakusema kwa utovu wa adabu. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Mkuu aliona haya mpaka masikioni. Akanyanyuka, kiti kidogo kikanyanyuka naye, akakibandua, akakisogeza mbele ya Mama Gundi na kuketi tena.

"Mama," akasema, "wewe unatakaje?"

Akamwambia. Alitaka siku za kwenda hospitali. Alitaka meza yake isipewe mtu kabla daktari hajasema. Alitaka taa ya mezani, na kitabu kimoja kwa wakati mmoja, hata rundo lifike dari. Na kama jibu la daktari litakuwa baya, alitaka aambiwe yeye kwanza, sisi baadaye. Mkuu aliyaandika yote kwenye karatasi, akamsomea, akamuuliza kama amesahau kitu.

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia lilipasuliwa likapona, na sasa anashona, kitabu kimoja kimoja, na kutunga uzi anatunga mwenyewe kwa kunifanyia makusudi mbele yangu. Jicho la kushoto lilikuwa na ugonjwa mwingine nyuma ya ule ukungu. Daktari alisema lingeokolewa kama tungefika mwaka mmoja mapema. Mwaka huo naujua asubuhi kwa asubuhi.

Kabla ya hayo yote, siku ya kwanza kabisa, tulikaa wawili kwenye benchi la hospitali tukisubiri kuitwa. Nilimwomba radhi. Nilimwambia sijui nilikuwaje, nilikaa naye miaka kumi na moja, nikashindwa kuona alichokiona mtoto kwa siku mbili.

"Hukushindwa," akasema, akinishika goti. "Nilikuchagua. Mlinzi ningempa sindano angeniuliza siku ya pili tu. Wewe nilijua hutauliza."

Alisema bila kinyongo, na ndiyo maana iliuma. Nililia palepale mbele ya wagonjwa wa watu. Nilipopangusa uso nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, anaona nini. Akafikiri, akaanza kunieleza: mlango uko vipi, dirisha liko vipi, mimi niko vipi. Sikumkatiza mpaka jina lake lilipoitwa.